Sauti Kutoka Upenuni kwa Baba

Hong Kong, Jumapili, 7 Machi 2004
Asubuhi ya ukungu na manyunyu. Nguo za jana hazijakauka.

Mdogo wangu Ratmo,

Assalamu alaikum. Natumaini wewe na mkeo Lasmi ni wazima, na kifua cha Baba kimetulia. Mimi sijambo. Mguu nilioutegua mwezi wa kwanza umepona, ila ngazi bado zinanikumbusha. Bibi ninayemtunza alitimiza miaka tisini na mmoja Jumanne. Tulimpikia tambi ndefu za siku ya kuzaliwa, akala nyuzi mbili, akasinzia.

Nimepata barua yako yenye anwani ya ukurasa wa tetere wa Baba. Leo nimekwenda kwenye duka la intaneti karibu na bustani tunamokutana Jumapili, nikalipa saa moja, nikaandika ile anwani herufi moja moja. Ukurasa ulifunguka, wa kijani mno, na picha ya tetere wake, Ki Lirih, akiwa amevimba shingo kama mkuu wa wilaya. Nikasubiri. Kimya. Nikadhani nimekosea. Mara nikasikia kitu kama upepo, kisha kikohozi cha Baba, kisha Ki Lirih mwenyewe. Dik, mdogo wangu, nilishtuka hadi nikatazama dari, nikidhani ndege ameingia dukani. Yayuk, yule wa Blitar niliyekwambia, alikuwa kiti cha pili. Akasema, "Mbakyu, dada yangu, punguza hiyo sauti, umenifanya nisikie harufu ya mchele wa nyumbani na hapa nina mkate mkavu." Nililia kidogo. Nimeiandika katika shajara: saa tatu na dakika kumi na mbili, kwa saa za hapa.

Sasa jambo ninalotaka hasa. Mwandiko wa mwanangu Kinasih sijauona tangu Desemba. Nimemwandikia barua tatu. Nikipiga simu, Jumapili moja yuko masomoni, nyingine yuko kwa rafiki, nyingine anaoga. Anaoga nini mtoto huyo asiyemaliza? Mtoto wa miaka kumi na sita hakosi dakika tano za mama yake. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe unaongea kama mtu anayekimbia mvua, kwenye karatasi itabidi ukae chini. Nataka ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Akikosa la kusema, aandike alichokula.

Msalimie Baba.
Dada yako,
Murti


Bantul, Ijumaa, 19 Machi 2004

Mbakyu Murti,

Wa alaikum salaam. Huku sote wazima. Mvua bado haijachoka. Lasmi ameacha kuuza vitumbua, sasa anauza tempe ya soya ya kukaanga, na mimi ndiye mteja asiyelipa. Kaburi la Mama tulilisafisha Alhamisi, nimepanda maua mapya upande wa kichwani.

Nimefurahi sauti imefika! Kila mtu hapa aliniambia haitafika. Ngoja nikueleze nilivyofanya, maana najua wewe hupendi kuelezwa nusu.

Nilitaka kuweka sauti iliyorekodiwa. Ni rahisi, unaweka faili moja tu, mtu akifungua ukurasa linacheza. Baba aliponisikia alitua bakuli lake chini. "Ratmo, unamjua mnunuzi yeyote wa tetere mwenye akili aliyenunua ndege wa kwenye kanda? Kanda hukatwa. Kwenye kanda huunganishwa mwanzo wa ndege huyu na mwisho wa ndege yule. Ndege husikilizwa akiwa hai, nyumbani kwake, asubuhi. La sivyo, uza kuku." Basi ikawa lazima iwe sauti ya moja kwa moja. Maiki nimeifunga chini ya upenu, pale kwenye benchi la Baba, kwa kuwa juu ya mlingoti wa tundu la ndege mvua ingeiua. Waya unaingia dirishani hadi kwenye kompyuta. Kompyuta inaikata sauti vipandevipande vidogo na kuvituma bila kukoma, na huko kwako vinaungana tena. Ndiyo maana unasikia kama sekunde ishirini baada yetu, na mtandao ukichoka sauti inakatika. Kwenye ukurasa hakuna kitufe. Baba alisema mgeni akifika kwetu habonyezi kitu, anakaribishwa na anasikia. Kwa hiyo sauti inaanza yenyewe nyuma ya picha na maneno.

Halafu kuna kioo cha kompyuta kinachoniambia ni wangapi wanasikiliza na wako nchi gani. Jumapili ile kiliandika: Surabaya wawili, Hong Kong mmoja. Nikamwambia Lasmi, "Huyo mmoja ni Mbakyu." Tulipiga makofi kimyakimya, maana ukipiga kelele chini ya upenu Baba anakurushia kandambili.

Baba nimemwambia ile maiki ni sikio la kumsikiliza ndege tu. Ameridhika.

Kinasih yuko salama. Ni wakati wa mitihani. Alitaka kuandika, lakini bahasha nilikuwa nimeshaifunga.

Mdogo wako,
Ratmo


Hong Kong, Jumapili, 4 Aprili 2004
Asubuhi mawingu mazito, joto la ghafla, bila mvua.

Ratmo,

Salamu zangu kwa Lasmi na tempe yake. Bibi ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa vitani, nami naitika. Nyumba hii yote ni nzima.

Nakuandikia nikiwa bado nimekaa dukani, Yayuk amenisogezea chai ambayo sijainywa.

Leo nilifungua ukurasa saa mbili na dakika hamsini. Ki Lirih hakulia. Badala yake alikuwa Baba. Unajua Baba. Tangu tuzaliwe sisi wawili hajatusemesha maneno kumi mfululizo. Lakini ndege anamsemesha, Ratmo. Amemsemesha dakika sita, na maiki yako imenileta hapa kila neno. Nimeandika nilipokuwa nasikia, sijaongeza kitu:

"Kunywa taratibu. Maji ya leo nimekutekea mimi, mkono umetikisika, nimekumwagia nusu, nisamehe. Aliyekuwa anakutekea ameondoka na begi la mama yake. Huu mwezi wa tatu. Ratmo anasema yuko Malang anajifunza kupika. Kupika! Mtoto amepika jikoni humu tangu ana miaka tisa, huko wanamfundisha kupika nini, mawe? Na kwa nini wamemkata nywele? Nimeiona picha. Wamemkata kama askari. Na mama yake hajui. Nimeambiwa nisimwambie, nitamtia presha. Basi nakwambia wewe, wewe huna mdomo."

Kisha sauti ikakatika. Nilibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Iliporudi, alikuwa akikohoa tu.

Ratmo, Malang kuna nini? Naijua nyumba ya namna hiyo, ya mawakala wa kazi za ng'ambo. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mitano katika nyumba kama hiyo kabla ya kuja huku, tukilala thelathini chumba kimoja, na siku ya kwanza kabisa walitukata nywele. Huko hafundishwi mtu kupika. Huko watu husubiri ndege ya kuja kwenye kazi.

Mwanangu ana miaka kumi na sita. Hawampeleki mtu wa miaka kumi na sita. Niambie basi kwamba nimesikia vibaya. Andika leo hii ukipata barua hii. Yuko wapi?

Murti


Bantul, Jumamosi, 17 Aprili 2004

Mbakyu Murti,

Wa alaikum salaam. Sote wazima. Lasmi anakusalimu.

Usijitie hofu bure. Baba ni mzee sasa, anachanganya mambo. Mtoto aliyekwenda Malang ni wa Bi Painem, jirani, ndiye aliyekuwa akija kumsaidia kuteka maji. Kinasih yupo, shule imembana. Mwezi ujao ataandika.

Habari njema: nimetengeneza sauti ya ukurasa. Sasa haikatiki tena. Utasikia vizuri zaidi.

Ratmo


Hong Kong, Jumapili, 2 Mei 2004
Asubuhi jua kali, upepo kidogo kutoka baharini.

Ratmo,

Nawasalimu nyote. Mimi mzima. Bibi mzima.

Ni kweli, sauti haikatiki tena. Nimeisikiliza Jumapili tatu, tarehe kumi na nane, ishirini na tano na leo, nikiwa na saa ya mkononi na shajara. Soma niliyoyaandika. Saa tatu na dakika sita, jogoo wa jirani. Saa tatu na tisa, kengele ya baiskeli, mara mbili. Saa tatu na kumi na tatu, mtu anaangusha kifuniko cha sufuria na Lasmi anasema "Ee Mungu wangu." Saa tatu na kumi na saba, jogoo. Na ishirini, kengele ya baiskeli, mara mbili. Na ishirini na nne, kifuniko, "Ee Mungu wangu." Dakika kumi na moja, inarudi. Dakika kumi na moja, inarudi. Yayuk akaniuliza, "Mbakyu, huyo mwanamke ana masufuria mangapi?" Nilicheka, Ratmo, nikacheka hadi mwenye duka akasimama, kisha nikashindwa kuacha, na kile hakikuwa kicheko tena.

Tarehe ishirini na tano uliniambia kwenye simu kwamba kuna mvua ya kuezua mapaa. Kwenye ukurasa hapakudondoka hata tone.

Umeweka rekodi. Umemfunika Baba kwa kanda, Baba huyo huyo, na hajui kwamba ndege wake sasa ni wa kanda mbele ya wateja wake. Wewe unayemwogopa akikohoa! Nilikaa pale nikijiuliza ni kitu gani kikubwa kiasi hicho hadi Ratmo athubutu jambo hili. Nilipoliwaza jibu, nilitoka nje kutafuta simu.

Jumatano mjukuu wa Bibi aliniazima simu yake. Niliipigia shule. Karani alitafuta, akarudi, akasema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mtoto, "Mama, Kinasih hajajiandikisha tangu Januari. Mjomba wake alikuja kuchukua vyeti." Nikamwomba arudie. Akarudia.

Sitakuuliza tena kama ni kweli. Nauliza haya tu, na ujibu kila moja. Nani alisaini ruhusa, maana mzazi ni mimi na mimi niko huku? Karatasi zake zinasema ana miaka mingapi? Zinamwita nani? Yuko wapi leo hii?

Nimekubeba mgongoni ulipokuwa na surua, kutoka nyumbani hadi zahanati, kwenye matope. Usinijibu kwamba wote wazima.

Murti


Bantul, Ijumaa, 14 Mei 2004

Mbakyu,

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ni ya tano na nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nilisaini mimi. Niliandika kwamba mimi ni baba yake. Mkuu wa mtaa aligonga muhuri bila kuinua macho. Karatasi zinamwita Suharni, miaka ishirini na mitatu, amezaliwa Malang. Kwenye picha wamempaka rangi mdomoni.

Mbakyu, sikumlazimisha. Wallahi sikumlazimisha. Bwana mmoja wa pikipiki nyekundu, wakala, alipopita kutafuta wasichana wa kazi ng'ambo, Kinasih ndiye aliyemfuata mpaka barabarani. Nikamkemea. Akaniambia, "Paklik, mjomba wangu, mimi nina mama wa kadi za Idi. Miaka sita. Nikienda mwenyewe nitamkuta Jumapili kwenye ile bustani anayoiandika, nitamgusa bega kwa nyuma. Usimwambie, utaharibu." Alirudia hivyo kila siku kwa wiki tatu, na nikichelewa kujibu hali chakula. Ungekuwepo ungemchapa. Mimi sikuweza.

Kuna jingine, na hili ndilo nililokuwa nikilikimbia. Yule bwana huipa familia kitu anapomchukua msichana. Alinipa. Nilimwambia Lasmi nimepata kazi ya kutengeneza mtambo wa mtu. Kompyuta inayotuma sauti, na maiki, na waya, vimetoka pale. Ulipoandika kwamba ulilia kumsikia Ki Lirih, niliificha barua yako chini ya mkeka na sikula siku hiyo.

Uliponiandikia maneno ya Baba, nilihisi paa limeniangukia. Nilikimbia kuweka rekodi kabla hata ya kufunga bahasha. Nilidhani nikipata mwezi mmoja zaidi nitampata yule bwana, nitamrudisha. Nimekwenda Malang mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi alinifungia lango. Mara ya pili akaniambia kundi lile limeshaondoka, tarehe ishirini na saba Aprili.

Mbakyu, amekwenda huko. Yuko Hong Kong. Uliponiandikia tarehe mbili Mei alikuwa ameshafika. Nyumba gani, sijui. Wakala hapokei simu.

Nimemwambia Baba yote, na kuhusu maiki pia. Aliuliza, "Hata nilipomwambia kuhusu mkono wangu?" Nikasema hata hilo. Hakunirushia kandambili. Aliondoka upenuni, na tangu siku hiyo huleta maji, huweka, huondoka, hasemi na ndege. Afadhali angenipiga. Rekodi nimeitoa, alitaka hivyo. Alisema, "Weka ya kweli. Ikiwa tumebaki na la kweli moja, liwe hilo." Sasa ukifungua unasikia Ki Lirih na hatua za Baba zikija na kuondoka.

Na hili sijui kama lina maana. Jumapili, tarehe tisa, kile kioo kiliandika Hong Kong wawili. Wa kwanza, yaani wewe, alianza saa tatu kasoro, kama kawaida yako. Wa pili alianza saa tano za huko na akasikiliza hadi saa kumi. Muda wa saa tano nzima, Mbakyu. Nani mwingine huko angemsikiliza tetere wa Bantul muda wote huo? Anwani ya ukurasa nilimtumia Malang mwezi wa pili.

Nisamehe au usinisamehe. Mtafute kwanza.

Ratmo


Hong Kong, Jumapili, 30 Mei 2004
Asubuhi mvua kubwa yenye radi, ikakoma saa nne.

Ratmo,

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikakaa sakafuni, na Bibi akaja na fimbo yake akaniuliza kwa jina la dada yake ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Nilisema hivyo mara nyingi, hakuna, hakuna. Msamaha utasubiri. Naandika yaliyotokea, kwa mpangilio, kwa sababu nisipoyaandika hivyo sitayaamini.

Kutoka Jumanne hadi leo nilimwona kila mahali. Kila msichana mwenye nywele fupi anayesukuma kiti cha mzee. Nilimkimbilia mmoja sokoni, nikamgeuza bega, alikuwa Mfilipino, akasema pole kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Leo sikukaa kwenye duka langu. Nilifikiri hivi: anasikiliza kuanzia saa tano, yaani wamemruhusu kutoka saa nne. Hana rafiki, kwa hiyo hatakwenda mbali na bustani. Maduka ya intaneti kuizunguka ile bustani ni saba. Yayuk alichukua matatu, mimi manne. Nilimwambia, "Usitafute uso, hujawahi kumwona. Tafuta ukurasa wa kijani mbaya kuliko zote." Akasema, "Mdogo wako hana jicho la rangi, Mungu ambariki." Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nilivuta pumzi.

Duka la kwanza hapana. La pili hapana. La tatu liko ghorofani, juu ya duka la viatu. Saa sita na dakika nne nilikuwa bado kwenye ngazi, mguu ukiniuma, nilipomsikia Ki Lirih.

Sikuota. Umeweka sauti inayoanza yenyewe, bila kitufe, na kompyuta ile haikuwa na vipokea sauti, ilikuwa na spika mbili ndogo. Alikuwa analia mle dukani waziwazi: mwanzo, katikati, na ule mwisho anaouvuta. Vijana waliokuwa wakicheza michezo ya vita walikuwa wanamlalamikia. "Wewe, zima huyo kuku!" Na sauti ya kike ikajibu kwa Kikantoni kibovu, "Nimelipa kama wewe."

Alikuwa amevaa koti la bluu la mtu mwingine. Shingo yake kwa nyuma, Ratmo. Nilimwacha ana miaka kumi, niliijua shingo.

Sikumgusa bega. Nilisimama. Kwenye spika nikasikia hatua za Baba zikija, maji yakimiminwa, hatua zikiondoka. Yeye aliinama karibu na spika kabisa. Hatua zilipokwisha akasema kwa Kijava, peke yake, "Sema basi, Mbah, babu yangu. Sema chochote."

Nikasema, "Kinasih."

Aligeuka. Uso wake uliniona, nina uhakika ulinifahamu, ukafunguka wote kama wa mtoto mchanga. Halafu akatazama nyuma yangu, mlangoni, pembeni, na uso ukafungwa. Akasimama wima, mikono mbele, kama walivyotufundisha kule kwenye nyumba ya mafunzo. Akasema, "Umekosea, Mbakyu. Mimi naitwa Suharni."

Mbakyu. Mwanangu aliniita dada yake.

Mwenye duka alikuja kuuliza kama nataka mashine. Nikasema ndiyo, nikalipa, nikakaa kiti cha pembeni yake, tukatazama skrini zetu kama watu wasiojuana. Hivyo ndivyo tulivyoongea. Hakugeuza kichwa.

"Kuna mwanamke wa wakala anayetembea humu Jumapili," akasema. "Anaangalia tunaongea na nani."

"Kwa nini hukuja bustanini?"

"Nilikuja. Jumapili ya kwanza. Nilikuona. Ulikuwa umekaa kwenye gazeti unakula karanga na mwanamke mnene."

"Huyo ni Yayuk. Kwa nini hukuja?"

"Walituambia tulipotua. Ikijulikana una umri mwingine, unafungwa, na ndugu yeyote uliye naye hapa anafukuzwa. Waliniuliza kama nina ndugu. Nikasema sina. Ningekutia hasara, Mbakyu."

"Acha kuniita hivyo."

"Lazima nizoee. Nikikosea mara moja mbele ya watu imekwisha. Hata usingizini najifunza."

Nilimuuliza anakula nini. Anakula kinachobaki. Nilimuuliza analala wapi. Anatandika juu ya mashine ya kufulia, ubao umewekwa juu yake. Mikono yake ina nyufa za sabuni hadi kwenye viganja. Anaosha magari mawili kila alfajiri, na magari hayamo kwenye mkataba. Yote haya aliyasema kwa sauti moja, kama anayesoma orodha ya sokoni. Kisha akauliza, "Mkono wa Mbah bado unatetemeka?" na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.

Nilimwambia nilichoamua tangu Jumanne. Tutakwenda ubalozi mdogo wetu, mimi na yeye, kwa miguu yetu, tuseme kweli: huyu ni Kinasih, ana miaka kumi na sita, mimi ni mama yake, karatasi hizi walizitengeneza watu wazima. Yayuk anamjua mama mmoja wa chama cha wafanyakazi atakayetusindikiza. Kosa la umri halikuwa lake.

Akasema hapana. Akasema, "Watakurudisha."

Nikamwambia, "Wakinirudisha, tutarudi wawili."

"Na kazi yako?"

"Nitauza tempe na Lasmi."

Alikaribia kucheka, nililiona shavu likipanda. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria, mimi ninayejidai kupanga kila kitu. Akasema, "Utawaonyesha nini? Karatasi zote nilizonazo zinasema mimi ni Suharni. Wewe una karatasi gani inayosema mimi ni wako?"

Sina, Ratmo. Nilipekua mkoba kama mwendawazimu. Nina picha yake ya darasa la nne, mwenye nywele hadi kiunoni. Nikamwonyesha. Akaitazama, akajishika kisogo, akanirudishia. "Huyu si mimi," akasema. "Nani ataamini?"

Kwa hiyo kazi yako ni hii, na usifanye nyingine kabla yake. Cheti chake cha kuzaliwa cha kweli ulikichukua shuleni pamoja na vyeti vingine. Ikiwa yule bwana alikichukua, nenda ofisi ya kumbukumbu ya wilaya upate nakala yenye muhuri. Kadi ya familia pia, yenye jina langu na lake. Na barua yako mwenyewe, yenye sahihi, inayosema ulisaini wewe na wewe si baba yake. Najua barua hiyo inaweza kukupeleka polisi. Iandike. Tuma kwa posta ya haraka kwa anwani ya Yayuk nitakayoiandika nyuma. Uza ile kompyuta ulipie nauli na posta, lakini si kabla ya Jumapili itakayofuata kufika kwa barua hii, maana nimemwahidi atamsikia babu yake akiongea mara moja zaidi. Mwambie Baba aongee. Mwambie anayemsikiliza ni mjukuu wake, na mimi, wala hatutamcheka.

Tulikubaliana hivi: kila Jumapili saa tano asubuhi atapita mlango wa maktaba, na Jumapili atakayonikuta na karatasi, tutakwenda. Alikubali kwa kuinamisha kichwa mara moja, macho kwenye skrini.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi nikiwa hatua sita nyuma yake. Mwanamke wa wakala alikuwa amesimama pale na mwavuli. Kinasih akageuka, akaniinamia kidogo kama mtu anavyomwinamia mkubwa asiyemfahamu sana, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Asante kwa kunielekeza njia, Mbakyu." Nami nikamjibu, "Karibu, Dik." Nilimwita hivyo mwanangu mwenyewe, mdomo wangu ukafanya kazi hiyo bila kukosea. Mpaka cheti hicho kitakapofika, mimi ni dada yake.

Nimerudi saa mbili za usiku. Nimemwogesha Bibi, nimempa dawa, nimeandika barua hii kuanzia saa tatu. Nimejilaza saa sita, nikaamka kuongeza anwani nyuma ya karatasi, nikajilaza tena. Mstari huu wa mwisho nauandika asubuhi ya Jumatatu kabla ya kufunga bahasha: usingizi ulinichukua saa kumi na dakika ishirini za alfajiri.

Murti